Bega halitoi damu: maumivu ya mikono na mabega kwa sisi wa viwandani (uzi mrefu)

FundiOvaloki (mtoa mada)

Habari za jioni wadau.

Kila tukijadili usalama viwandani, mjadala unaishia kwenye kidole kilichokatwa na mashine, kemikali iliyomrukia mtu machoni, boila iliyopasuka. Sawa kabisa, hayo yanaua na kulemaza. Lakini pita kwenye laini yoyote ya kushona saa kumi jioni, waambie wanaoumwa bega wanyooshe mkono, uone wangapi watashindwa hata kuunyoosha. Bega halitoi damu. Kwa hiyo haliandikwi kwenye daftari la ajali, haliitiwi gari la wagonjwa, haliitishiwi kikao. Mtu anaumia taratibu mwaka wa kwanza, wa pili, kisha siku moja hayupo, na sisi tunasema kaona kazi ngumu, karudi kwao kulima.

Mimi niko kiwanda cha nguo hapa Dar, nitasema ninachokijua. Walio kwenye samaki, korosho, tumbaku na soda mtaongezea.

Kwa asiyeijua kazi yetu: unakaa kwenye benchi lisilo na mgongo. Bando la vipande liko kushoto. Unanyoosha mkono, unavuta kipande, unakutanisha kingo, unasukuma chini ya mguu wa mashine, mkono wa kulia unaongoza, kinatoka, unakitupa upande wa pili. Halafu kingine. Tuseme taget ni vipande 80 kwa saa, na kila kipande kinataka mkono utoke mara mbili. Kwa saa 9 hiyo ni mara 1,440, mkono uleule, njia ileile, na hapo hatujagusa ovataimu.

Hapo ndipo mtu wa ofisini anauliza, "Kwani unanyanyua nini wewe, si kitambaa tu?" Unanyanyua mkono! Mkono mzima kuanzia begani una kama asilimia 5 ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 ana kilo 3 hivi zinazoning'inia begani, na anaposhona akiwa ameinua viwiko, misuli ya bega na shingo inazishikilia kilo hizo bila kuziachia. Msuli uliokaza hivyo muda mrefu unabana mishipa yake mwenyewe, damu haipiti vizuri, unaanza kuwaka moto. Ndiyo ile hali ya kuhisi mtu kakukandamiza kidole pembeni ya shingo.

Sasa njoo kwenye meza. Meza zote za laini zimefungwa kimo kimoja, na sisi tuna vimo vyetu tulivyopewa na Mungu. Dada mfupi anashona mabega yakiwa karibu na masikio. Kaka mrefu anainamisha shingo siku nzima. Kinachonikera ni kwamba meza nyingi za mashine za kiwandani zina miguu ya kupandisha na kushusha, bolti ziko pale, zimeshika kutu tangu meza ilipofungwa. Hata fimbo ya pedeli hurekebishwa. Kinachokosekana ni spana na ruhusa. Matokeo yake watu wanakunja mabaki ya kitambaa na kuyakalia ili wapate kimo.

Na taget. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, ovataimu isizidi saa 50 katika wiki nne, na mtu akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apate mapumziko ya dakika 60. Mwezi wa oda kubwa, wenye kufuata hayo ni wachache. Na ile saa ya mapumziko, mtu anakula dakika 15 anarudi kupunguza bando, maana asipofikisha taget anabaki jioni bila malipo kwa jina la "kumalizia".

Ninachosema ni hiki: haya maumivu yametengenezwa na meza, taget na saa, na yanaweza kupunguzwa palepale yalipotengenezwa. Kuchua na kumeza vidonge ni kuyahamisha tu kutoka jioni kwenda asubuhi. Karibuni.

Jiwe Gumu

Mkuu nimesoma yote. Kazi ngumu ipo tu. Bibi zetu walitwanga na kupepeta maisha yao yote, hawakuwahi kufungua uzi. Kizazi hiki mkikaa kitini mnaumwa, mkisimama mnaumwa.

FundiOvaloki

Jiwe Gumu, bibi alitwanga, akachoka, akakaa kupepeta, akaenda kisimani, akarudi kuchochea moto. Kazi zake zilipokezana mikono, mgongo na miguu, na aliyepanga zamu ni yeye mwenyewe. Mpe kinu saa tisa bila kukiacha, na msimamizi mwenye saa nyuma yake, halafu tumuulize. Na nani kakwambia bibi zetu hawakuumwa mabega?

Sato wa Igombe

Nipo Mwanza, minofu ya sangara. Sisi tunasimama. Juu buti na aproni, mkono mmoja glovu, mwingine kisu, chini maji na barafu. Baridi inaua vidole kwanza: usipokisikia kisu vizuri unakikamata kwa nguvu mara mbili, na nguvu hiyo inapanda mpaka kwenye kiwiko.

Ila adui mkubwa kwetu ni kisu butu. Kisu kikiwa kikali, unakiingiza nyuma ya shavu, unashuka na mfupa wa mgongo, mnofu unafunguka wenyewe, kifundo cha mkono kimenyooka. Kikianza kuwa butu unakisukuma, unapinda kifundo, unaanza kusaga kama mwenye msumeno. Samaki ni yuleyule, mkato ni uleule, lakini mkono umefanya kazi mara mbili. Na kwetu ukienda kunoa unahesabiwa umeacha kazi, kwa hiyo watu wanakomaa na kisu butu hadi mapumziko. Kinoo kimoja pale mezani kingetosha.

Swali: usiku vidole vinakufa ganzi, kidole gumba na viwili vinavyofuata. Naamka nakung'uta mkono ndiyo vinarudi. Ni damu? Watu wananiambia ni presha.

MtaalamuViungo

Nimekuwa msomaji tu, ila hapa naingia. Ni mtaalamu wa fiziotherapia, hospitali sitaitaja.

Sato, maelezo yako ni ya kitabuni. Kwenye kifundo cha mkono kuna mfereji mwembamba, kano za vidole zinapita humo pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba kwa kukamata na kupinda, mshipa unabanwa. Mshipa huo ndio unaohudumia gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kuamka usiku na kukung'uta mkono ni dalili tunayoiuliza kila mara. Kama kingekuwa kinakufa ganzi kidole cha mwisho, ningeangalia kiwiko badala ya kifundo. Nenda upimwe, maana ukichelewa msuli wa chini ya gumba unaanza kunywea na kurudi kwake ni kwa shida. Wapime na sukari, kwa sababu kisukari na ujauzito navyo huleta hali hiyo. Usiku funga kifundo kikae kimenyooka.

Sasa bega, kwa sababu naona watu wanaita kila kitu "baridi yabisi" au "mshipa". Kichwa cha mfupa wa mkono kinakaa kwenye kikombe kidogo, kinashikiliwa na misuli minne midogo. Kano ya msuli wa juu inapita chini ya paa la mfupa. Ukiinua mkono mara maelfu, au ukiuacha juu muda mrefu, kano hiyo inachoka kuliko inavyopata nafasi ya kujijenga. Jipime: inua mkono pembeni polepole. Maumivu yakianza ukikaribia usawa wa bega na kupungua ukifika juu kabisa, nashuku kano. Mkono ukigoma hata mtu mwingine akikuinulia, hasa kuuzungusha nje, na umri ni 40 hadi 60 au una kisukari, huenda bega limeganda, na matibabu yake ni mengine. Maumivu yakishuka mpaka vidoleni na kubadilika ukigeuza shingo, chanzo ni shingoni, na kuchua bega ni kupoteza mafuta.

La kukimbilia hospitali saa hiyohiyo ni mkono wa kushoto kuuma pamoja na kifua kubana, jasho na pumzi kukatika. Hilo ni la moyo, liacheni mambo ya kiwanda. Vilevile kiungo kilichovimba chenye moto na homa, au mkono uliokataa kuinuka ghafla baada ya kuanguka.

Kuhusu dawa: diklofenaki za kila siku za duka la dawa za mtaani nimezichoka. Siku chache zinasaidia. Miezi, zinatoboa tumbo, zinapandisha presha, zinaumiza figo. Nimeona mama wa kiwandani kaja na bega, kaondoka na rufaa ya vidonda vya tumbo.

Tiba inayofanya kazi kwenye kano ni mazoezi ya kuipa nguvu taratibu, wiki 6 hadi 12, na kupunguza kile kinachoichokoza. Ukiambiwa ukafanyiwe upasuaji wa kukwangua mfupa wa bega wakati kano haijakatika, uliza mara mbili. Tafiti mbili zilizochapishwa 2018, moja ya Uingereza na moja ya Ufini, zililinganisha upasuaji huo na upasuaji wa kuigiza, na tofauti ya maana kwa mgonjwa haikuonekana.

Ila nikubaliane na mtoa mada. Nikikupa mazoezi ya dakika 15 halafu ukarudi kwenye meza ileile saa tisa, tunashindana mimi na kiwanda, na kiwanda kina muda mwingi kuliko mimi.

Supa_wa_Zamu

Ngoja nizungumze upande wa pili, maana masupavaiza hapa tumefanywa mashetani.

Taget siipangi mimi. Inakuja na oda, oda ina tarehe ya meli, na mnunuzi wa nje akicheleweshewa anakata bei. Meneja ananibana, mimi nawabana. Huo ndio ukweli.

Lakini kuna vitu nimevifanya bila kuomba kibali cha mtu. Cha kwanza, bando. Zamani lilikaa nyuma ya bega la kushoto, mtu anapinda kiuno na kurusha mkono nyuma kila kipande. Nikaleta kijimeza kidogo, bando likawa mbele kushoto, umbali wa kiganja na kigasha bila kunyoosha kiwiko. Niliogopa nitapoteza muda, kumbe vipande viliongezeka, kwa sababu ile safari ya mkono ilikuwa inakula sekunde.

Cha pili, kuzungusha watu. Hapa makampuni mengi yanajidanganya. Kumtoa mtu ovaloki (mashine ya kufunga kingo) na kumpeleka sindano moja (mashine ya kushona ya kawaida) si kumpumzisha, ni bega lilelile na shingo ileile. Mzungushe aende kukagua akiwa amesimama, au kupachika lebo, au kukunja. Hata hapo uangalie: pasi nzito kwa mtu mwenye bega bovu ni adhabu.

Kilichonishinda ni mabenchi. Bajeti haipo, miaka yote haipo.

Jiwe Gumu

Hapo kwa supavaiza nimekubali hoja ya sekunde. Mngeanza na lugha hiyo mabosi wangewasikia. Mkienda na "naumwa" mnaonekana wavivu, nendeni na "tunapoteza vipande".

FundiOvaloki

Lugha zote mbili, mkuu. Mwenye bega bovu hana muda wa kusubiri bosi apende takwimu.

wa_Mlolongo

Salamu kutoka Kenya. Huku Athi River EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, ni story hiyohiyo, nguo za kwenda Marekani, target ubaoni, na fundi akiumwa anaambiwa apumzike nyumbani bila mshahara.

Kitu wengi wetu hatujui ni kwamba sheria yetu ya usalama kazini ya 2007, OSHA, kifungu cha 76, inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi, vifaa na kazi yenyewe vinalingana na mfanyakazi. Yaani meza imfuate mtu, si mtu aifuate meza. Ukiandikia HR barua, taja kifungu. Watashangaa.

Fidia ni WIBA, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, pia ya 2007. Kesi yake ilizunguka kortini miaka mingi mpaka Mahakama ya Juu ikaamua Desemba 2019 kwamba sheria ni halali. Maana yake dai linaanzia kwa Mkurugenzi wa DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, si kwa hakimu. Mawakili wanaokuambia mwende kortini moja kwa moja wanakupotezea wakati. Ukiwa mwanachama wa chama chetu cha wafanyakazi, Tailors and Textiles, ongea na shop steward (mwakilishi wa chama kiwandani) akusindikize.

Shida yetu ni ushahidi. Mkono ukikatika, kila mtu ameona. Bega je? Kampuni inasema uliumia ukifua nguo kwako.

FundiOvaloki

Hapo ndipo nilipotaka tufike, asante jirani.

Tanzania Bara tuna WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Ukiona kwenye hati yako ya mshahara umekatwa WCF, uliza kwa sauti. Mfuko haulipi ajali tu. Unashughulikia na magonjwa yatokanayo na kazi: matibabu, ulemavu wa muda, ulemavu wa kudumu, utengamao (kumsaidia mtu arudi kwenye hali ya kufanya kazi).

Lakini bega lina mlima wake. Chukueni orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, iliyorekebishwa 2010. Ugonjwa wa kano za upande wa kidole gumba umo kwa jina. Kifundo cha mkono kimo. Kiwiko kimo. Goti limo. Ule mfereji wa Sato umo. Bega halijatajwa kwa jina. Linaingia kwenye kifungu cha mwisho cha "mengineyo", ambako lazima uoneshe uhusiano kati ya kazi na ugonjwa. Na si kwa kukosa ushahidi wa kisayansi: NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, ilipopitia tafiti zilizokuwepo mwaka 1997, ilikuta ushahidi kwamba marudio na mkao mbaya wa mkono vinahusiana na maumivu ya bega.

Kwa hiyo uhusiano huo unaanza kuuandika wewe, siku ya kwanza unapoingia kwa daktari. Watu wetu wakiulizwa "unaumwa nini" wanajibu "bega, tangu juzi". Daktari anaandika "maumivu ya bega", anakupa dawa, faili linafungwa. Miaka miwili baadaye unadai, wanafungua faili, hakuna neno kiwanda popote. Sema hivi: mimi ni mwendesha ovaloki, nafanya saa kadhaa kwa siku, mkono huu unarudia hivi (muoneshe), maumivu yanazidi mwisho wa zamu na yanapungua nikiwa likizo. Kisha mwombe aandike. Hiyo habari ya likizo ni muhimu kuliko mnavyodhani.

Mwambie na mwajiri kwa maandishi, baki na nakala. Kwenye upimaji wa afya wa wafanyakazi chini ya sheria yetu Tanzania ya usalama na afya kazini ya 2003, nayo huitwa OSHA, usiseme "niko fiti" kwa kuogopa kupunguzwa. Karatasi hiyo ndiyo itakayosomwa baadaye dhidi yako.

MtaalamuViungo

Naongezea kwa madaktari wenzangu wanaosoma: tuulize kazi ya mgonjwa. "Mjasiriamali" na "mfanyakazi" si kazi. Mashine gani, mkono upi, saa ngapi.

Sato wa Igombe

Mtaalamu nashukuru, nitaenda hospitali ya Bugando wiki ijayo. Swali dogo: nikitoka kazini naloweka mikono kwenye maji ya moto. Ni sawa au naongeza tatizo?

MtaalamuViungo

Ya uvuguvugu, sawa kabisa, yanalegeza misuli baada ya baridi. Ya moto sana hapana, kwa sababu vidole vyenye ganzi havikupi taarifa kwamba vinaungua. Mpe mtu mwingine ayajaribu kwanza.

Binti_wa_Tandika

Samahani kaka FundiOvaloki, nimefika mwishoni. Mimi ni wa kupachika mikono ya mashati. Nilileta cheti cha daktari nipumzike bega. Leo HR kanipa karatasi nisaini kwamba naacha kazi kwa hiari yangu kwa sababu za kiafya, nirudishe Jumatatu. Nifanyeje?

FundiOvaloki

Dada, usisaini. Ukisaini "kwa hiari" umefunga mlango kwa mkono wako.

Sheria inakupa likizo ya ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, mradi cheti kipo. Wakikuachisha, unakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na una siku 30 tu za kupeleka lalamiko, usisubiri waite kikao. Una zaidi ya miezi sita hapo? Chini ya hapo kinga ya kuachishwa isivyo halali haikuhusu, ingawa suala la fidia ya WCF ni tofauti kabisa na linabaki palepale.

Binti_wa_Tandika

Nina miaka mitatu, ila mkataba nimeupata mwaka jana. Mwanzo nilikuwa kibarua wa kulipwa kwa siku.

FundiOvaloki

Vizuri. Piga picha karatasi hiyo usiku huu, mbele na nyuma, pamoja na mkataba na cheti. Kusanya na hati za malipo za enzi za ukibarua, hata kama ni ujumbe wa malipo kwenye simu, zitaonesha umefanya kazi ileile muda gani. Kama kiwandani kwenu kuna tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani, mtafute katibu wa tawi kabla ya Jumatatu, na uende na karatasi yenyewe mkononi, usiende na maelezo ya mdomo. HR akikubana, mjibu kwa maandishi kwamba hujaomba kuacha kazi, umeomba likizo ya ugonjwa. Sentensi mbili zinatosha. Nitumie faragha kabla hujazipeleka nizisome.